Kinachokatika na kurudi, ukiiteje?

Ukiandika kuhusu umeme, mtandao au maumivu yanayokuja na kuondoka, usikimbilie "mara kwa mara". Hilo lina maana ya kutokea sana tu, wala halisemi kwamba katikati kitu kilisimama. Mgonjwa akisema "tumbo linauma mara kwa mara", daktari bado hajui kama linaachia. "Maumivu ya kuja na kuacha" yanamwambia.

Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha jambo hili, na binafsi sioni hasara. Chukua kitenzi, kirudufu, kisha mbele yake weka -a unganifu (wa, ya, za): umeme wa kukatikakatika, sauti ya kukatikakatika kwenye simu. Urudufu ndio unaofanya kazi. "Umeme umekatika" ni giza moja, "unakatikakatika" ni friji kuungua.

Kwa mvua na homa, "vipindi" hutosha: mvua za vipindi, homa ya vipindi. Taa? Inawaka na kuzima.

Na tafadhali, "mgao" wa umeme ni kitu kingine. Mgao una ratiba (angalau kwenye karatasi), ila kukatikakatika hakuna anayejua saa.