Kabla ya Kufuatilia Miungano ya Madume wa Simba Serengeti

Wengi wanaokwenda Serengeti kufuatilia miungano ya madume wa simba, yaani madume wawili au zaidi wanaoshirikiana kushika himaya, huanza na madume wenyewe. Wanauliza jana wameonekana wapi, kisha wanakimbilia huko. Ushauri wangu ni kuanza na majike. Himaya ni yao: wamezaliwa humo, mama zao walizaliwa humo, na mabinti zao watarithi humohumo. Madume huja, hukaa kwa kawaida miaka miwili au mitatu, kisha hufukuzwa au huuawa. Usipojua kundi lipi la majike linakaa wapi na lina watoto wa umri gani, dume utakayemkuta asubuhi amelala chini ya mgunga atabaki kuwa simba mzuri wa kupiga picha. Hutajua anamlinda nani wala anamkwepa nani.

Hata watafiti wa pale hufanya hivyo. Katika utafiti wa muda mrefu alioanza George Schaller mwaka 1966, na ambao Craig Packer alikuja kuuongoza kwa miaka mingi tangu 1978, ukanda wa redio, unaotoa mawimbi ya kumfuatilia mnyama, ulifungwa shingoni mwa jike mmoja katika kila kundi. Ukimpata yeye umewapata wenzake, na madume hawako mbali sana. Kwa hiyo kabla ya safari chukua ramani, utie alama makutano ya mito na vijito, hasa Mto Seronera na matawi yake, kisha vilima vya mawe vya Moru, Simba, Gol na Barafu. Kwenye makutano ya mito kuna maji, kuna vichaka vya kujifichia, na wanyama hulazimika kupita hapo. Majike wanaoshika sehemu hizo hufanikiwa zaidi kukuza watoto, na ndiko madume wenye nguvu wanakogombea.

Chagua majira ukijua unatafuta nini. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi nyumbu wanakuwa tambarare za kusini, upande wa Ndutu, na madume wasio na himaya huwafuata huko. Wenye himaya hubaki kwao hata nyumbu wakiondoka, wakiishi kwa nyati, ngiri na chochote kilichobaki. Masika huleta udongo mweusi unaonasa gari hadi ekseli, kwa hiyo beba koleo, jeki, kamba ya kuvutia na matairi mawili ya akiba, na usiende njia za mbali gari moja peke yake.

Vibali visikushtukize getini. Mgeni wa kawaida anafuata taratibu za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa: kubaki barabarani panapotakiwa, kutoshuka garini, na kuwa kambini kabla ya giza. Ukitaka kukusanya takwimu za utafiti, anza mapema na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, maana mlolongo huo haumalizwi kwa wiki moja. Droni iache nyumbani kama huna kibali chake.

Jambo ambalo watu hulipuuza, na mimi naliona la kwanza kwa uzito, ni kumtambua kila dume mmoja mmoja. Manyoya ya shingo yanadanganya: yanakua, yanapungua dume akiumia, na rangi yake hubadilika kadiri anavyozeeka. Kisichobadilika ni madoa ya sharubu. Tazama shavu lake kwa darubini. Kila unywele wa sharubu unatoka kwenye kidoa cheusi, na vidoa hivyo vimejipanga kwa mistari. Juu ya mstari wa kwanza uliokamilika kuna vidoa vichache vya pekee. Andika kila kimoja kimekaa juu ya kidoa cha ngapi cha mstari ule, au katikati ya vipi viwili. Fanya hivyo shavu la kushoto na la kulia, maana hayafanani. Ongeza mipasuko ya masikio, makovu, meno yaliyovunjika. Kwa umri tazama pua: ya kijana ni ya waridi, kisha huingia weusi kidogokidogo, na ikiwa nusu nyeusi mara nyingi dume yuko karibu miaka 5. Kila dume awe na karatasi yake kabla hujaanza kuandika habari za muungano.

Usiku nao ni wa kazi, ingawa uko kambini. Ngurumo ya simba husikika hadi kilomita 8 hewa ikitulia. Wenye himaya ndio wanaonguruma. Madume wa kutangatanga hukaa kimya, kwa sababu kujitangaza kwenye nchi ya wengine ni kuita mapigano. Andika saa, upande wa dira, na sauti ngapi zimeitikiana. Simba wenyewe hufanya hesabu hiyo: majike wakisikia ngurumo za wageni hulinganisha idadi yao na ya wageni kabla ya kuamua kuwasogelea. Kamwe usipige ngurumo zilizorekodiwa ili kuwavuta. Unaweza kumtoa dume kwa watoto wake, au kumfukuza mahali anapostahili kuwa.

Mavazi: acha buluu na nyeusi, mbung'o wanazipenda. Maji, betri, daftari la karatasi. Basi.

Kubwa zaidi ni kujiandaa kusoma unachokiona. Muungano wa madume wanne au zaidi kwa kawaida ni wa ndugu waliokulia kundi moja. Wawili au watatu wanaweza kuwa wageni waliokutana njiani na kushikamana. Ukimkosa mmoja kwa siku nne usiandike amekufa. Huenda yuko na jike mwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, wamejitenga na wenzao, au anakagua mpaka wa kundi la pili, kwa kuwa madume wengi hushika makundi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Ila ukiona kidonda kipya usoni, majike wamewaficha watoto, na nyayo kubwa ambazo si za madume unaowajua, kaa tayari. Bob Junior, dume maarufu wa Serengeti aliyeshika himaya na ndugu yake kwa miaka, aliuawa na madume vijana Machi 2023. Zamu ya himaya inaweza kugeuka kwa usiku mmoja.

Hapo utaona jambo gumu: madume wapya huua watoto wachanga wa waliotangulia, ili majike warudi kwenye joto mapema. Amua kabla ya kuondoka nyumbani kwamba hutaingilia, hutapiga honi, hutapitisha gari katikati. Usirushe mahali walipo mtandaoni siku hiyohiyo. Vijana waliofukuzwa huelekea pembezoni, Loliondo na Ngorongoro, wanakokutana na mifugo, na sumu ya wafugaji imeua simba wengi Afrika Mashariki. Kule waulize wafugaji wenyewe kwa adabu. Wanajua dume mgeni ameingia kabla yako.

Baada ya madume wapya kuchukua himaya majike hupandwa mara nyingi, lakini kwa miezi kadhaa hushika mimba kwa shida, kana kwamba wanasubiri kuona kama wapya watadumu. Mimba yenyewe ni siku 110 hivi. Safari ya pili ipange kwa hesabu hiyo, si chini ya miezi sita au saba tangu madume wapya waingie, na uende moja kwa moja kwenye vilima vya mawe ambako majike huficha watoto.