Jinsi ya kuhesabu pingili za mgongo kwa vidole bila kupotea

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na kosa ninaloliona sana kwa wanafunzi ni pingili ya kuanzia. Ukiikosea hiyo ujue zote za chini umezikosea, hata uhesabu vizuri namna gani.

Idadi kwanza: shingo 7, kifua 12, kiuno 5, afu 5 zilizoungana chini ya kiuno, na kifandugu mara nyingi 4. Vidole vinagusa ile miiba ya nyuma tu, yaani ncha ya mfupa inayotokeza nyuma ya kila pingili.

Hatua ya 1. Mkalishe, ainamishe kichwa. Pale shingo inapoishia utakuta nundu, ila mara nyingi ziko mbili na hapo ndo watu wanapotea. Weka kidole kimoja kwa kila nundu, mwambie anyanyue kichwa taratibu mpaka aangalie juu, utasikia ile ya juu inazama inakikimbia kidole, ya chini inabaki palepale. Iliyozama ni ya 6 ya shingo, iliyobaki ni ya 7. Rudia hata mara tatu, afu piga alama na peni.

Hatua ya 2. Mikono aining'inize. Ncha ya chini ya kombe la bega inalingana na mwiba wa pingili ya 7 ya kifua, kwa hiyo shuka ukihesabu toka kwenye alama yako uone kama unafika hapo. Angalia kitu kimoja, katikati ya kifua miiba imelala kuelekea chini, yaani ncha ya mwiba wa 7 iko usawa wa mwili (ile sehemu nene ya mbele) wa pingili ya 8.

Hatua ya 3. Shika nyonga zote mbili kwa juu, dole gumba zikutane katikati ya mgongo: hapo ni ya 4 ya kiuno, au kati ya 4 na 5. Kama mtu ana nyama, bonyeza hadi usikie mfupa wenyewe, la sivyo mikono inakaa juu na unajikuta kwenye ya 3.

Hatua ya 4. Vile vishimo viwili juu ya makalio vinakupa pingili ya 2 ya zile zilizoungana.

Sasa panda juu ukihesabu toka ya 4 ya kiuno hadi alama ya kombe. Hesabu zikigoma kukutana, rudi hatua ya 1. Zikigoma tena, kumbuka wapo watu wana pingili 4 au 6 za kiuno, na hapo eksirei ndo inaamua.