Jinsi ya kupima hasara ya mizizi iliyooza kwenye shamba la fiwi

Klova, mkunde wa malisho, hupenda baridi. Kwenye joto la Mwanza, kazi yake ya kumpa ng'ombe protini na kurutubisha udongo hufanywa na jamii nyingine za mikunde, hasa fiwi (ngwara) na desmodiamu. Nazo zina maadui wa chini ya ardhi: pithiamu (kimelea kinachofanana na kuvu), kuvu aina ya fusari na rizoktonia, pamoja na minyoo fundo, inayovimbisha mizizi. Majani yakigeuka manjano, lawama huangukia mvua au uchovu wa udongo, na mfugaji anaendelea kupoteza fedha msimu hadi msimu.

Anza na mizizi. Wiki ya nne baada ya mbegu kuota, chimbua mimea 10 mahali palipostawi na 10 mahali palipodumaa. Shuka na jembe hadi sentimita 20. Using'oe kwa mkono, kwa sababu mizizi midogo iliyooza hukatikia ardhini, ukabaki na mzizi mkuu unaoonekana mzima. Loweka kwenye ndoo, kisha suuza polepole. Mzizi mzima ni mweupe. Uliooza ni wa kahawia, na ukiuvuta kwa vidole ganda lake huvuka, ukabaki uzi mwembamba wa katikati.

Sasa tazama vinundu, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kinundu cha bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani kimeshikana na ubavu wa mzizi. Kikisukumwa kwa kidole hubanduka, na ukikipasua kwa ukucha ndani ni chekundu au waridi. Uvimbe wa minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki. Kuna wanaoona uvimbe huo wakadhani shamba lina rutuba! Kwenye luseni, ule mchanga wa miinuko, shuku minyoo kwanza. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaotuamisha maji, shuku pithiamu.

Hesabu ifanyike maua yanapoanza. Tengeneza fremu ya mita 1 kwa mita 1, kata mara tano kwenye afya na mara tano kwenye ugonjwa, kimo kile kile, upime kwa mizani. Tuseme wastani ni kilo 1.8 na kilo 1.1: pengo ni kilo 0.7 kwa mita ya mraba. Robo ekari iliyougua ni takriban mita za mraba 1,000, kwa hiyo umekosa kilo 700 mbichi. Anika sampuli yako ujue inabaki kiasi gani. Ikibaki moja ya tano, ni kilo 140 za hei, yaani malisho makavu. Hei yenye protini asilimia 16 ingekupa kilo 22 za protini. Kuzifidia kwa mashudu ya pamba yenye asilimia 25 kunahitaji kama kilo 90. Zidisha kwa bei ya mashudu ya siku hiyo, ongeza mbegu na vibarua wa kurudishia. Naitrojeni ambayo mahindi ya msimu ujao yataikosa bado haimo humo.

Linganisha jumla hiyo na gharama ya tiba. Kwenye mbuga, panda juu ya matuta ya sentimita 30 na uchimbe mfereji wa kutoa maji. Penye minyoo, panda nyasi ya malisho aina ya Rhodes kwa misimu miwili au zaidi, na usirudishe fiwi palipotoka nyanya au bamia. Jembe lililolima sehemu iliyougua lioshwe kabla halijaingia sehemu nzima, kwani udongo ulioganda juu yake hubeba kuvu na mayai ya minyoo.