Acheni kukaza skrubu ya kabureta eti mnabana petroli

Ndugu wakulima, msimu wa kupulizia umefika na najua nitaletewa tena mashine za mgongoni zimenoki, pistoni imechubuka, silinda ina michirizi, ukimuuliza mwenyewe anakwambia ilikuwa inakunywa sana petroli nikakaza kidogo ile skrubu. Hiyo kidogo ndo inawamaliza.

Ile skrubu inapanga mchanganyiko wa petroli na hewa. Kilo 1 ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, yaani lita 1 tu inavuta hewa kama lita 9,000. Injini inatoa nguvu nyingi zaidi kwenye hewa kilo 12.5 hadi 13, petroli ikiwa imezidi kidogo, na ulaji wa mafuta unakuwa mzuri kwenye hewa kilo 15 hadi 16 hivi. Kwa hiyo sikatai, kupunguza petroli kidogo kunabana mafuta, ila nafasi yenyewe ni finyu mno na bisibisi ya shambani haiwezi kuilenga. Ukiipita tu moto unaungua polepole, nguvu inashuka, unashikilia resi muda mrefu kumaliza eneo lile lile na petroli uliyoibana inaliwa palepale.

Tena hizi injini zetu za kuchanganya oili zinapata oili kupitia petroli hiyohiyo! Ukiinyima petroli umeinyima na oili, na ile petroli ya ziada ndo ilikuwa inasaidia kupooza, sasa joto linapanda, pistoni inavimba na kunata.

Mashine ikianza kunywa sana angalia kwanza chujio la hewa. Likiziba hewa inapungua, petroli inazidi, moshi unajaa. Kwenye vumbi lisafishe kila siku, na hakikisha choki imefunguka yote. Wengi wenu mngeishia hapo bila kugusa skrubu.

Halafu oili. Kitabu cha mashine kikisema 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, ni mililita 20 kwa lita 1, kikisema 25 kwa 1 ni mililita 40. Kifuniko cha chupa ya maji sio kipimo jamani, nimesema sana hili! Tumia sirinji ya mililita 20, na isirudi tena kwenye mifugo. Anayezidisha oili eti analinda injini ajue petroli kwenye mchanganyiko imepungua kwa hiyo injini inakosa petroli vilevile, na masizi juu. Tia oili na nusu ya petroli, tikisa, malizia iliyobaki, na usiiweke zaidi ya mwezi.

Kama lazima urekebishe, ziko skrubu mbili, L ya sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kuvutwa resi, na H ya resi kubwa (mashine nyingine H haina, usiitafute). Funga taratibu mpaka iguse tu, ukikaza kwa nguvu unaharibu sindano, kisha fungua mzunguko 1 au kama kitabu kinavyosema. Washa, iache ipate moto dakika 3 hadi 5, ndo uanze, kila mara nusu ya robo mzunguko na sio zaidi. Kwenye resi kubwa usishikilie kupita sekunde 10. Sauti ikiwa nyembamba inalia kwa ukali imekauka, yaani petroli haitoshi, fungua H mpaka iwe nzito kidogo, inakorofishakorofisha kama inakatakata, halafu inanyooka ukianza kazi. Hapo acha, hata kama roho inakutuma ukaze tena.

Plagi ikitoka rangi ya kahawia uko sawa.

Na petroli ikikaribia kuisha mashine hupanda resi yenyewe, watu wanafurahi eti imechangamka, kumbe imeshakosa petroli na oili kwa pamoja. Zima, iache ipoe ndo ujaze, usimalizie mstari.