Somo: Namna ya Kupima Tovuti Inayokupendekezea Mkopo au Akaunti

Wanachama wengi wa vikundi vya kuweka na kukopa hapa Tanga hawasubiri tena ofisa mikopo awafuate Ngamiani au Makorora; wanafungua simu, wanasoma orodha ya "mikopo bora" na kuamua. Somo hili linaeleza namna ya kutambua kama aliyepanga orodha hiyo amepima bidhaa au ameuza nafasi.

Hatua ya kwanza ni kujua nani anamlipa. Tovuti nyingi za aina hii hazimtozi msomaji chochote, bali hupata kamisheni kutoka kwa benki au mkopeshaji kila msomaji anapobofya kiungo au anapopewa mkopo. Kamisheni si kosa, ilimradi itamkwe karibu na pendekezo lenyewe. Nchini Marekani, tovuti ya LendEDU ilidai kwamba orodha zake za mikopo ya wanafunzi hazikuwa na upendeleo, ilhali Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo ilisema nafasi ziliuzwa. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola 350,000 ili kumaliza shauri.

Hatua ya pili, tazama vigezo. Tovuti makini hutaja vigezo vyake na uzito wa kila kimoja, na anayetoa alama si yule anayejadiliana na watangazaji.

Hatua ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: dai gharama nzima, si kiwango cha riba peke yake. Ukikopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, mkopeshaji anayekokotoa riba juu ya mkopo wote wa mwanzo atakutoza shilingi 30,000 kila mwezi, hata pale ambapo umekwisha kurejesha sehemu kubwa, na jumla ya riba itafika 360,000. Anayekokotoa juu ya deni lililobaki, kwa marejesho ya takriban 100,460 kwa mwezi, atapata riba ya takriban 205,500 tu. Matangazo yote mawili yataandika "asilimia 3", na tovuti inayoyaweka sawasawa kwenye jedwali lake haijapima kitu. Ada ya maombi na bima ya mkopo nazo zihesabiwe humo humo.

Hatua ya nne ni leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila idhini yake. Tovuti iliyoendelea kuyasifu baada ya hapo haistahili kusomwa.

Maswali ya wanachama

Swali (Chumbageni): Tovuti ikilipwa kiasi kilekile na kampuni zote, upendeleo si umekwisha?

Jibu: Umepungua, haujaisha. SACCOS ya kazini kwako, ambayo pengine haina fungu la matangazo, haitaonekana kabisa. Neno "bora" hapo lina maana ya bora miongoni mwa waliolipa, na tovuti inapaswa kusema hivyo.

Swali (Makorora): Je, nyota za wateja zinaaminika?

Jibu: Kwa tahadhari, kwa sababu maoni hununuliwa. Mimi huanza na maoni ya nyota tatu, yanayoeleza makato yalivyofanyika na simu zilizopigwa rejesho lilipochelewa.

Swali (Ngamiani): Nimesoma pendekezo la kampuni inayolipa faida ya asilimia 10 kwa mwezi kwa anayeweka akiba. Niweke?

Jibu: Hiyo ni asilimia 120 kwa mwaka, hata kabla ya faida kuzaa faida. Kwa kulinganisha, hatifungani ya kijani (hati ya kuikopesha taasisi fedha za miradi ya mazingira) ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, iliyotolewa mwaka 2024, inalipa asilimia 13.5 kwa mwaka. Tena, Bodi ya Bima ya Amana hulinda amana zilizo benki, hadi shilingi milioni 7.5 kwa mwekaji katika benki moja. Fedha ulizoipa kampuni isiyo na leseni ya benki hazimo. Mwandishi wa pendekezo aeleze kwa maandishi fedha hizo zinazalishwa wapi, asipoweza, usitume.