Simu ya "huduma kwa wateja": namna ya kumhakiki anayekupigia kabla hujalizwa

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kupokea simu kwenye kitengo cha huduma kwa wateja cha benki moja hapa Dar es Salaam. Kila aliyepiga nilimhoji kwanza: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, tawi alilofungulia akaunti, muamala wake wa mwisho. Akikosea, mazungumzo yanaishia hapo, hata kama analia. Lakini siku tulipompigia mteja sisi, bado yeye ndiye tuliyemhoji. Tunasema tu "napiga kutoka benki", naye anaanza kututajia tarehe ya kuzaliwa. Hakuna aliyetuuliza sisi ni akina nani, na hapo ndipo tapeli anapopenyea.

Ninachokuelekeza hapa ni kumgeuzia kibao: wewe ndiye umhoji anayepiga. Namba nilizoweka ni za Tanzania. Ukiwa nchi nyingine, hatua ni zilezile, ila tafuta namba za huko.

Hatua ya 1: Weka namba sahihi kabla ya shida

Geuza kadi yako ya benki. Namba ya huduma kwa wateja huandikwa nyuma. Ihifadhi kwenye simu, kisha iandike na kwenye karatasi, maana siku laini yako ikizimwa namba zilizomo kwenye simu huenda usizifikie. Kama maandishi yamefutika, pita tawini uiombe dirishani. Usiitafute Facebook. Matapeli hufungua kurasa zenye nembo ya benki, wanaweka namba zao, kisha wanasubiri mteja mwenye shida ajilete mwenyewe.

Kampuni za simu ni rahisi: mitandao yetu yote hutumia 100.

Hatua ya 2: Mwache aongee, wewe usithibitishe chochote

Simu yenyewe huwa hivi. Anaanza kwa majina yako matatu bila kukosea hata moja.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka makao makuu, kitengo cha usalama wa kadi. Kuna mtu yuko Arusha anajaribu kutoa laki nane kwenye akaunti yako. Ni wewe?"

"Siyo mimi! Mimi niko Mbagala."

"Basi usijali, tunaizuia sasa hivi. Kadi yako inaanza na hizi..." Anakusomea tarakimu sita, unatazama kadi, kweli ndizo. "Kuna namba sita zinaingia kwenye simu yako. Nisomee haraka nimfungie."

Tuichambue pole pole.

Majina yako ameyatoa kwenye menyu ya kutuma pesa. Ukiingiza namba ya mtu kwenye huduma ya pesa kwa simu, jina alilosajiliwa nalo linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Mtu analisoma, anaghairi, hajatumia hata senti. Wewe pia unaweza kufanya hivyo kwa namba iliyokupigia, na mara nyingi utakuta "makao makuu ya benki" imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Ila usilichukulie jina hilo kuwa ndilo la mwizi: laini nyingi za kazi hizi zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote.

Tarakimu sita za mwanzo ndizo zinazowatisha wengi, na kwa kweli hazina uzito wowote. Tarakimu hizo hutambulisha benki iliyotoa kadi na aina ya kadi, hazimtambulishi mwenye kadi. Kadi za Visa zote huanza na 4. Chukua kadi ya jirani mwenye akaunti benki yako, ya aina ileile, mlinganishe: huenda mwanzo ni uleule. Tapeli anazo za benki kadhaa, anakisia tu uko wapi.

Mtu wa Arusha hayupo.

Na hizo namba sita zinazoingia? Amezisababisha yeye mwenyewe. Dakika hiyohiyo ameingiza namba yako ya simu kwenye programu ya benki katika simu yake, na mfumo umetuma namba ya uthibitisho kwa mwenye laini. Isome meseji hiyo yote badala ya kuzisaka tarakimu peke yake. Mara nyingi imeandikwa waziwazi inahusu nini, na kwamba usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa benki. Ndiyo maana hataki ukate simu: ukikata utapata nafasi ya kusoma.

Kwa hiyo jibu liwe moja tu, na ulizoee: "Nitajie jina lako na kitengo chako. Nakata, nitapiga benki mwenyewe." Kisha sikiliza anavyolipokea. Mfanyakazi wa kweli atasema sawa, tena kwa furaha, maana ana orodha ya wateja wengine arobaini wa kupigiwa. Tapeli anapandisha sauti: "Mama, ukikata hela inaondoka!"

Na vitu vya kutotaja kwa anayekupigia, awe nani: namba ya siri, namba ya uthibitisho iliyokuja kwa meseji, zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Katika miaka yangu sita sikuwahi kuhitaji hata kimoja kati ya hivyo.

Hatua ya 3: Kata, na usibonyeze namba iliyokupigia

Watu hukosea hapa. Wanakata vizuri, halafu wanarudia kuibonyeza namba ileile iliyoingia. Hapo umemrudia yeye. Fungua namba uliyohifadhi kwenye hatua ya kwanza, upige hiyo.

Hata kama kioo kilionyesha namba halisi ya benki, bado kata upige mwenyewe. Iko mitambo ya kupiga kwa intaneti inayomwezesha mtu kuonyesha kwenye kioo chako namba isiyo yake. Programu zinazoonyesha jina la mpigaji nazo hutegemea kile ambacho watu wamekiandika, kwa hiyo mtu akijiita "Huduma kwa Wateja" ndivyo utakavyosoma. Picha ya nembo kwenye WhatsApp sihitaji hata kuizungumzia.

Kabla ya kupiga, jiulize: wakati wa maongezi, alikwambia ubonyeze alama za nyota na reli? Kama aliagiza upige *21*, ikifuatiwa na namba ya simu na #, umeelekeza simu zako zote zinazoingia kwake. Benki ikikupigia kuhakiki, atapokea yeye. Piga *#21# uone kama kuna namba imewekwa. Ukikuta usiyoijua, piga ##002#, inafuta maelekezo yote.

Hatua ya 4: Ukishaipata benki

Utaulizwa yale maswali niliyotaja mwanzo. Yajibu, kwa sababu safari hii namba umeichagua wewe. Uliza maswali mawili tu: je, kuna mtu wenu amenipigia leo? Na je, kuna jaribio lolote la kuingia kwenye akaunti yangu? Simu halali kwa kawaida huacha kumbukumbu kwenye mfumo. Kama hawaioni, waambie wafunge huduma ya benki kwa simu kwa muda na wazuie kadi. Kadi mpya si kitu kikubwa.

Nikiri kitu. Mama mkwe wangu aliwahi kupigiwa na mfanyakazi halisi wa benki yake, akakataa kutaja tarehe ya kuzaliwa, na kijana yule akamfokea kwamba "anachelewesha kazi". Mama alikuwa sahihi asilimia mia. Benki zinazowapigia wateja na kuwadai taarifa zao, halafu kesho zinatangaza "usitoe taarifa zako kwa simu", zinawafundisha wateja kutapeliwa.

Hatua ya 5: Mtandao ukipotea ghafla

Kama baada ya simu ya namna hiyo laini yako inakosa mtandao huku wenzako wa mtandao huohuo wanaongea, usilale ukisema ni mnara. Huenda kuna mtu amerudisha laini yako kwenye kadi nyingine ya simu, na sasa meseji za benki zinaingia kwake. Azima simu. Piga benki kwanza wafunge akaunti, halafu 100 ya mtandao wako. Ukirudishiwa laini, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwao ikafutwe.

Hatua ya 6: Kama umeshaitaja namba ya uthibitisho

Usipoteze muda kumtukana. Piga benki wafunge, dakika hiyohiyo. Pesa ikishaingia kwenye simu ya mtu inatolewa kwa wakala haraka kuliko unavyodhani. Ikiwa ilitoka kwenda namba ya simu, piga na mtandao ule waizuie. Badilisha namba ya siri. Kisha nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, maana bila hiyo malalamiko yako benki yanasuasua. Peleka muda wa simu, namba iliyokupigia na meseji zote bila kufuta hata moja. Kama alituma na meseji za utapeli, zitume kwenda 15040, utoe na namba iliyozituma.

Hatua ya 7: Fanyeni mazoezi nyumbani

Kusoma mwongozo ni kitu kimoja, kuitikia simu ukiwa sokoni na mzigo kichwani ni kingine. Mjaribu mzazi wako, umpigie kwa namba asiyoijua, uigize. Mama yangu mara ya kwanza alinitajia mpaka namba ya NIDA. Mara ya pili alisita. Mara ya tatu sikufika hata kwenye Arusha: "Taja jina na kitengo, nakata." Akakata. Jioni nilipompigia kwa namba yangu ya kila siku kuuliza kama amekula, akaniuliza kitengo.