Bukingi ya hoteli imekosewa na safari ni kesho kutwa: mambo ya kuzingatia kabla hujafuta chochote

Kwanza weka simu chini. Najua unataka kufuta hiyo bukingi ubuku upya saa hii hii, lakini kufuta ndo kitu cha mwisho kabisa. Mimi sifanyi kazi ya utalii, nimekaa tu na watu wa Kamukunji na Eastleigh wanaosafiri kuleta bidhaa, na nimeona pesa za watu zikienda mtu akiwa sebuleni kwake South C hata viatu hajavaa. Soma mpaka mwisho alafu urudi kwa simu.

Anza kwa kujua kosa liko wapi haswa, manake makosa hayalingani.

Jina likikosewa herufi moja mbili, au umetanguliza jina la baba, usikose usingizi. Hoteli si kama tiketi ya ndege, waandikie jina lilivyo kwenye pasipoti, wabadilishe, wakutumie uthibitisho mpya, basi. Ila kama mko wawili chumbani hakikisha majina yote mawili yameingia, na kama ni China usilegee kabisa hapo, kule mgeni lazima asajiliwe polisi ndani ya saa 24 na hoteli ndiyo inakusajili kwa pasipoti yako, sasa umebuku kwa jina la mtu mwingine, umefika risepsheni saa nane usiku, utajieleza kwa lugha gani?

Vitanda: kama mnasafiri wawili mnaojuana juu juu tu, omba vitanda viwili. Hapo nimemaliza.

Mahali sasa. Watu wengi wanaangalia picha na bei, anwani hawasomi. Umeandika Dubai, umeona chumba cha bei ya kuchekesha, kumbe hoteli iko Sharjah, ambayo ni emirati nyingine kabisa, na ile barabara ya kati yao asubuhi ni jam ya kukufanya ukumbuke Mombasa Road kwa mapenzi. Na hoteli zenye jina moja ziko nyingi, moja mtaa wa Deira, nyingine mtaa wa Bur Dubai, kwa hivyo jina peke yake halitoshi. Istanbul nayo ina viwanja viwili vya ndege, mmoja upande wa Ulaya na mwingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Ukitua Sabiha Gökçen na hoteli iko Laleli pale wanunuzi wa nguo hufikia, hujakosea bukingi, umekosea nauli tu, jipange. Fungua ramani uone hoteli iko wapi na wewe unashukia wapi, dakika mbili hiyo.

Tarehe nitakaa nayo kidogo.

Kuna lile la siku na mwezi, 05/06 kwetu ni tarehe tano Juni lakini Mmarekani anasoma Mei tarehe sita. Hilo utalikamata ukiangalia jina la siku, tiketi ikisema Ijumaa na hoteli ikisema Jumatano ujue kuna mambo. Lenye linamaliza watu ni la ndege za usiku. Ndege ikitua saa sita na nusu usiku, tarehe imeshageuka. Kichwani mwako bado ni Jumanne usiku, na ukimwambia mtu aje akupokee utamwambia usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, mnaelewana vizuri. Kompyuta ya hoteli haijui mambo ya kuamkia. Kwake hiyo ni Jumatano, na chumba cha Jumatano mara nyingi kinafunguliwa saa nane au saa tisa mchana. Ukitaka kulala ukishuka tu, lazima ubuku kuanzia Jumanne na ulipie usiku mzima hata kama utalala masaa manne. Na ukishabuku Jumanne, waambie kabisa kwamba utafika baada ya saa sita usiku, manake wasipokuona wanaweza kukuandika kwamba hukuja, wakate usiku wa kwanza, na hoteli zingine zinafuta mpaka zile siku zilizobaki.

Wifi yangu anauza vyombo, chupa za chai, sahani, zile seti za glasi watu wanapeleka harusini. Oktoba moja alikuwa anaenda Guangzhou, China, kwa maonyesho ya biashara ya Canton, yale ya tangu 1957 yanayofanyika mara mbili kwa mwaka, na awamu ya pili ndo ya vitu vya nyumbani, inaanza tarehe 23. Ndege inatua Baiyun, uwanja wa Guangzhou, saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 22, hoteli kabuku kuanzia tarehe 22. Ukiangalia haraka unaona iko sawa, tarehe ya kutua na tarehe ya hoteli ni moja, tatizo liko wapi.

Tarehe 19 usiku tuko kwake, sanduku liko wazi katikati ya sebule, binti yake anatusomea tiketi, akauliza tu hivi, mama, utakaa wapi mpaka saa nane mchana? Kimya. Wifi akachukua simu, ile yake kioo kimepasuka pembeni inabidi abonyeze mara mbili mbili, akafungua bukingi akaona imeandikwa kufuta ni bure mpaka tarehe 19 Oktoba saa 23:59. Akaangalia saa ya ukutani, saa tatu. Akasema alhamdulillahi, bado nina masaa matatu. Akafuta. Gharama ilijitokeza kabla hajathibitisha, kwa maandishi madogo ya kijivu, na nani anasoma hayo akiwa na presha. Sasa Guangzhou iko mbele ya Nairobi kwa saa tano. Kwetu saa tatu usiku, kule ni saa nane usiku na tarehe ni 20, muda umeshapita zamani. Ujumbe uliingia simu ikiwa bado mkononi, bukingi imefutwa, usiku wa kwanza umekatwa.

Hiyo ya usiku mmoja angeihesabu sadaka. Kazi ilikuwa kubuku tena. Wiki za Canton vyumba Guangzhou vinakwisha na bei zinapanda, na hoteli yake ya Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia, mtandaoni ikaonyesha imejaa. Zilizobaki Pazhou karibu na ukumbi wa maonyesho, ukiona bei unajifanya hukuona. Akaishia hoteli ya upande wa uwanja wa ndege, kaskazini huko, kila asubuhi metro laini ya 3 mpaka Kecun, abadilishe laini ya 8, amesimama karibu njia yote, jioni arudi hivyo hivyo na mifuko ya katalogi na sampuli za vikombe.

Na kilichoniuma zaidi nilikisikia kesho yake baada ya yeye kufuta. Kijana mmoja wa Mombasa anayekaa kule aliwapigia risepsheni ya ile hoteli ya Xiaobei, wakamwambia chumba cha tarehe 21 kilikuwepo, wao hawaweki vyumba vyote mtandaoni, angeuliza tu wangemwongezea usiku mmoja mbele na zile siku zingine zibaki kwa bei yake ya zamani. Lakini sasa chumba chake cha tarehe 22 kimeshachukuliwa na mtu mwingine, pole sana.

Kwa hivyo fuata mpangilio huu na usiugeuze. Uliza hoteli kwanza, hoteli yenyewe, kabla ya ule mtandao uliobukia. Tafuta namba ya risepsheni na imeili yao, waandikie kifupi: namba ya bukingi, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ulizobuku, tarehe unazotaka, saa ndege inatua, na swali moja tu, mnaweza kubadilisha bila kufuta? Usiwaeleze historia ya safari yako. Wakikubali kwa simu omba waandike, hata kwa ujumbe mfupi, upige skrinshoti. Kama ni China jua kwamba WhatsApp imefungwa kule, wengi wako WeChat, na hiyo WeChat ifungue ukiwa bado Nairobi na laini yako ya Safaricom au Airtel iko hewani, manake kujisajili kunataka ujumbe wa uthibitisho na wakati mwingine mtu mwingine mwenye akaunti akuthibitishie.

Hata kama bukingi ni ile isiyorudishwa pesa, uliza. Hoteli ikitaka inaweza kukusamehe, na ikishakubali ule mtandao unabadilisha. Hawalazimiki, lakini mtu aliyeuliza kwa adabu siku mbili kabla anasikilizwa kuliko aliyefuta kisha akaanza kulia.

Kama umekosa usiku mmoja tu, kuna njia rahisi ambayo watu hawaifikirii. Acha bukingi yako ilivyo, nunua huo usiku mmoja peke yake kwenye hoteli hiyo hiyo, alafu waambie waziunganishe ili usihamishwe chumba asubuhi. Kama ni hoteli nzima umekosea, shika mpya kwanza, yenye kufuta bure, ukishapata uthibitisho ndo uachie ya zamani. Na usitegemee pesa ya kurudishiwa ndo ulipie hiyo mpya, kurudishiwa kwenye kadi kunachukua siku, wakati mwingine utarudi safari bado hujaiona.

Muda wa mwisho wa kufuta kawaida ni wa saa za hoteli, za kwako haziangaliwi. Saa sita usiku ya Guangzhou ni saa moja jioni Nairobi, watu ndo wanatoka kazini. Ya Dubai ni saa tano usiku yetu. Istanbul tuko sawa nao. London wako nyuma yetu, saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi, kwa hivyo hapo unapata masaa ya bure, usiyachezee.

Kama ulibuku kupitia ajenti wa mjini, ni ajenti ndo anaweza kubadilisha, hoteli itakwambia tu zungumza na aliyekuuzia. Shida ni kwamba Jumapili simu yake imezimwa. Ndo maana siku unayolipa usiondoke na risiti ya ajenti peke yake, mwambie akupe namba ya uthibitisho ya hoteli yenyewe, alafu wewe mwenyewe wapigie hoteli uulize kama jina lako liko. Kuna watu wamelipa kila kitu na hoteli haijawahi kuwasikia.

Na hapo kwenye kupaparika ndo matapeli wanakuingia. Ukipata ujumbe unaosema bukingi yako itafutwa ndani ya masaa kadhaa usipoweka tena namba za kadi kwenye linki hii, usibonyeze, hata kama huo ujumbe wenyewe umetaja jina lako na tarehe zako sawasawa. Funga, fungua programu mwenyewe au piga simu hoteli, uulize.

Wa viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, nyinyi uthibitisho wa mahali pa kulala ulikuwa kwenye faili mliyopeleka. Ukibadilisha hoteli baada ya kupata viza chapisha uthibitisho mpya utembee nao, afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza unalala wapi, na ukionyesha karatasi ya hoteli uliyoifuta utajitafutia maswali. Tarehe zikisogea angalia na bima pia, ile ya kuanzia euro 30,000, ifunike siku zote.

Pesa za mlangoni nazo. Dubai hoteli nyingi zinataka amana ukiingia, na juu yake kuna ada ya serikali ya utalii, dirham 7 mpaka 20 kwa chumba kila usiku kulingana na nyota, hiyo mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa. Ile kadi ya M-Pesa GlobalPay ni ya kwenye simu, hakuna plastiki ya kuingiza kwa mashine, kwa hivyo usifike nayo peke yake ukadhani umejipanga, beba kadi ya benki au keshi.

Zingine mnazijua. Chapisha kila kitu, simu huzima. Anwani ya hoteli iwe na maandishi ya Kichina kama unaenda China, dereva wa teksi hatakusomea ile ya kizungu. Kitabu cha homa ya manjano kama ni India, na sindano iwe imepita siku 10. Mtu mmoja nyumbani abaki na nakala ya pasipoti na bukingi. Toka nyumbani mapema hata kama umepanga kupita Expressway, mvua ikinyesha hakuna anayekuhakikishia kitu. Dola zisikae pamoja mahali pamoja. Chaja iwe kwenye mkoba wa mkononi, usiiweke kwenye sanduku.